Umeshachukua, Sista

Saa kumi na mbili jioni, jua likijificha nyuma ya majengo, Sista alishuka ngazi kwenda kuchukua nguo zake kwa dobi.

Hilo tu. Nguo. Shuka mbili, magauni matatu na taulo.

Jina la Sista lilimganda baada ya miaka thelathini na moja ya uuguzi, na hata alipostaafu hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jingine. Alistaafu na magoti mabovu na pensheni nyembamba, katika mji wa baridi ambako kuoga kulihitaji moyo. Ndipo akasikia habari za mji huu wa pwani, nchi ya mbali: jua mwaka mzima, bahari mwendo wa dakika kumi, nyumba za kupanga kwa bei ya kutupa. Akauza kabati, akauza jiko, akagombana na bintiye wa pekee, akapanda ndege.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu. Wiki tatu za lifti iliyokufa, maji yanayotoka yakijisikia, na ukungu wa kijani ulioota ndani ya viatu vyake usiku mmoja tu. Siku hiyo nzima alikuwa amekaa nyumbani kumngoja fundi bomba. Fundi bomba hakuja. Rahisi ghali, alijiambia akishuka, huku goti la kushoto likimjibu kila ngazi.

"Nimefuata nguo zangu," alimwambia dobi.

Dobi aliinua pasi. "Zipi tena?"

"Zangu, baba. Shuka mbili..."

"Si umeshachukua, Sista? Saa kumi hivi. Ulisimama hapohapo uliposimama."

"Saa kumi nilikuwa juu. Sijatoka tangu asubuhi."

Dobi alicheka, akidhani anataniwa. "Basi ni pacha wako. Ila huyo mpole. Kanishukuru mara mbili."

Sista hakucheka. Alimwambia dobi maneno ambayo muuguzi mstaafu hapaswi kuyajua, akapanda ghorofa tatu akihema, akafungua mlango kwa ufunguo aliokuwa nao mfukoni siku nzima.

Nguo zilikuwa kitandani.

Zimekunjwa. Pembe kwa pembe, jinsi wanavyokunja shuka wodini.

Na chumba kilinuka... nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni muda mrefu.

Hofu haikumjia. Zilimjia hasira. Ghorofa ya kwanza aliishi mama mwenye nyumba, na Sista aliamini huyo ndiye mwenye ufunguo wa pili. Siku anafika alimkuta bibi huyo kalala kwenye kochi, fimbo ubavuni, sauti kama ya mtu anayezungumza kutoka kisimani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia, akimshika mikono yote miwili. Kisha akalitazama koti zito la sufu alilokuwa nalo Sista mkononi. "Huku halitakufaa, mwanangu. Niachie, nitakutunzia stoo, lisiliwe na ukungu." Sista akaliacha, akaona huo ndio wema.

Jioni hii mama mwenye nyumba alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amesimama wima, hana fimbo.

"Nani ameingia chumbani kwangu?" Sista aliuliza.

"Mwanangu, chumbani kwako unaingia wewe." Alitabasamu. "Pumzika. Mji mpya unachosha."

*

Jumatano, Sista alikwenda ofisi ya uhamiaji kufuatilia kibali chake cha ukaazi. Ilikuwa safari ya nne. Ya kwanza walimwambia picha zake zina kivuli. Ya pili, fomu imebadilika. Ya tatu, anayeweka muhuri yuko likizo. Alipanga foleni tangu alfajiri, chupi imemgandia kwa jasho, akafika dirishani saa sita kasoro.

Karani aligonga kompyuta. Akamtazama. Akagonga tena.

"Mama, kibali umeshachukua."

"Sijachukua."

"Juzi. Sahihi yako hii hapa."

Alimgeuzia daftari. Ulikuwa mwandiko wake. Ile S yenye mkia mrefu, aliyojifunza kwa kuandika mafaili mbiombio zamu za usiku. Lakini hii ilikuwa imetulia, kama iliyoandikwa na mtu asiye na haraka na lolote duniani. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Weka chako hapa," karani alisema, akamsogezea kimashine. Sista akaweka. Kimashine kikalia. "Unaona? Ni wewe. Anayefuata!"

"Sijamaliza..."

"Mama, watu wanasubiri. Siku ile ulikuwa mstaarabu sana, leo una nini?"

Alitoka nje akiwaka hasira. Kuibiwa ni jambo moja. Kuibiwa na mtu anayesifiwa adabu kuliko wewe ni jambo jingine kabisa.

Jioni simu yake ililia. Alikuwa bintiye. Hawakuwa wameongea kwa miezi minne, tangu siku ile jikoni ambapo binti alimwambia, "Uliuguza watoto wa watu, mimi ukaniachia jirani," naye akajibu, "Na ada ya shule ingelipwa na jirani?" Kesho yake akaanza kufunga mizigo. Kila usiku tangu hapo alitunga maneno ya kumwomba radhi, na kila asubuhi aliyaona ya kijinga.

"Mama!" Sauti ya binti ilikuwa na furaha. "Nimepata tiketi. Nafika Ijumaa saa nane mchana."

"Tiketi ya nini?"

"Si ulisema nije?" Binti alicheka. "Jana, mama. Tumeongea saa nzima. Ulilia. Sijawahi kukusikia ukilia. Yale uliyoniambia... nimeyangoja tangu nina miaka saba."

Sista alikaa chini taratibu. 

"Mwanangu, nisikilize. Usije. Aliyeongea na wewe si mimi."

"Unasema nini?"

"Si mimi," alirudia. "Kuna mtu huku, ana sauti yangu, ana..."

"Mama." Furaha ilikuwa imekauka. "Safari hii umepata kisingizio kipya. Kila ukinipa kitu, lazima unipokonye. Ungesema tu umejutia."

Simu ikakatwa.

Alipiga tena. Namba ilikuwa inatumika. Alipiga baada ya dakika tano, baada ya nusu saa, baada ya saa. Alhamisi asubuhi, adhuhuri, alasiri. Inatumika. Inatumika. Inatumika.

Binti alikuwa anaongea na mtu.

*

Alhamisi jioni alimwendea fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye kibanda chini ya ngazi, mtu pekee wa jengo lile aliyewahi kumkaribisha akae. Fundi alikuwa anapinda suruali. Alimwona Sista, lakini kwanza macho yake yalimpita, yakaenda ukutani, ndipo yakarudi kwa shida, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Dada," alinong'ona. "Kumbe umeanza kufifia."

"Nini?"

Fundi alisimamisha cherehani. Akachungulia ngazi juu, akasogeza kiti.

"Ulipofika, alikuambia mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Ndiyo."

"Umewahi kujiuliza mwenyeji anaumwa nini?" Aliinama karibu. "Uliacha nini kwake? Lazima uliacha kitu. Kitu ulichotoka nacho kwenu, chenye harufu ya kwenu."

"Koti."

Fundi alifumba macho. "Kabla yako alikuwepo mpiga chapa, mgeni kama wewe. Yeye aliacha viatu. Akaanza kulalamika kila aendako anaambiwa ameshafika. Tukamcheka. Mwishowe, siku moja, nilimkuta amekaa ngazini analia. Nilimwona, dada. Wallahi nilimwona. Lakini nilimpita kama mtu anavyopita ndoo. Siku ya pili sikumwona tena."

"Alikwenda wapi?"

"Hakwenda. Yupo ghorofa ya nne. Anasalimia vizuri sana." Fundi alichomeka uzi kwenye sindano. "Alikuwa na kaka yake kwao. Yule mpole alimpigia simu aje kumtembelea. Kaka akaja, hakuonekana akiondoka. Wiki hiyo mama mwenye nyumba alishuka ngazi bila fimbo, na anacheka. Halafu ukapita mwaka, ugonjwa ukamrudia. Ndipo ukaja wewe."

"Na hukuniambia!"

"Ungeniamini? Na mimi hiki kibanda nimepangishiwa na nani?"

Sista alitamani kumzaba kofi. Badala yake aliuliza stoo iko wapi.

"Juu ya paa," fundi alisema. "Lakini dada... kama ni mimi, ningekimbilia uwanja wa ndege. Koti ni kitambaa tu."

Ushauri ulikuwa mzuri. Ila Sista alikuwa amechoka kuambiwa vitu vyake vimeshachukuliwa. Alipanda ngazi zote, goti likilia, giza likianza kuingia.

Mlango wa stoo haukuwa na kufuli, komeo tu kwa nje. Ndani mlikuwa na joto la tanuri na ile harufu ya nguo mbichi, nzito, ya kukaa kooni. Aliwasha tochi ya simu. Misumari mirefu ilipangwa ukutani. Makoti manne. Chini yake jozi ya viatu vya kiume, vimeng'arishwa. Kofia ya sufu. Shali ndogo, ya mtoto mchanga.

Msumari wa mwisho ulikuwa mtupu. Sakafuni chini yake palikuwa na unyevu, umbo la nyayo mbili.

Aligusa koti lililoning'inia kando ya msumari ule. Akaurudisha mkono haraka.

Lilikuwa na joto. Lile joto la nguo aliyoivua mtu sasa hivi.

Kwap...

Kandambili. Nje, juu ya paa.

Kwap... kwap...

Zilikuja polepole, zikiburuta kidogo upande wa kushoto. Kama mtu mwenye goti bovu.

Zikasimama mlangoni.

"Pole na uchovu, Sista."

Ilikuwa sauti yake. Sauti aliyoitumia wodini kwa watu waliokuwa wanakufa. Sauti ambayo bintiye hakuwahi kuipata, kwa sababu alipofika nyumbani ilikuwa imeshaisha.

"Kesho pumzika," ikanong'ona. "Nitampokea mimi."

Kacha.

Komeo.

*

Alimpigia bintiye simu; namba ilikuwa inatumika mpaka simu yake ikazima kwa kukosa chaji. Akagonga mlango mpaka viganja vikavimba. Kulipokucha alisikia watu wakija kwenye paa kuanika nguo. Aliita. Wanawake wawili waliongea hatua tatu kutoka mlangoni, kuhusu bei ya sabuni, wakaanika, wakaondoka. Alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Mtoto mmoja aliuliza, "Nini hicho?" na mama yake akajibu, "Upepo."

Hakuna kinachouma kama kuitwa upepo. Sista alilia kwa hasira, akautukana mji ule, bahari yake na jua lake.

Saa saba kasorobo komeo lilifunguka. Fundi cherehani alisimama mlangoni, mkasi mkononi, akitazama pembeni.

"Sijui kama upo," alisema, akiuambia ukuta. "Nimekuta mlango wako wazi, kitanda hakijalaliwa. Kama upo, dada, toka. Nisamehe. Kimbia."

Sista alimgusa bega, akapita chumbani kunyakua mkoba wenye pasipoti, akashuka.

Barabarani teksi tatu zilimpita na mkono wake juu. Ya nne aliizibia njia, mikono imetandazwa. Breki zililia, bampa likasimama shibiri moja kutoka magotini pake. Dereva alitoka akitukana hewa, ndipo macho yake yakamshika.

"Mama! Umetokea wapi?"

"Uwanja wa ndege. Na usiniulize maswali."

Waliingia kwenye foleni ya magari iliyokuwa inatambaa. Taa nyekundu, tena taa nyekundu. Saa nane ikafika wakiwa bado darajani. Saa nane na robo alifungua mlango, akashuka, akakimbia kipande kilichobaki. Mwanamke wa miaka sitini na moja, nywele timutimu, gauni la jana, viganja vimevimba. Watu walimgonga mabega bila kugeuka.

Ukumbi wa wanaofika ulijaa. Alimwona bintiye mara moja, yule mrefu, anaburuta begi la bluu, uso unang'aa. Hakuwa anamtazama yeye.

Alikuwa anatazama nguzo ya pili.

Pale alisimama mtu aliyevaa koti zito la sufu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kila mtu ukumbini alikuwa anajipepea; yeye uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi. Nywele zimechanwa vizuri. Mikono ilikuwa imenyooshwa mbele, wazi, imetulia, inangoja.

Sista alijitazama na akaelewa ni kwa nini yeyote angemchagua yule.

"Mwanangu!" aliita. Sauti ilitoka kama mkwaruzo. Binti hakugeuka. Hatua kumi zilibaki kufika kwenye nguzo. "Mwanangu, usiende!"

Hatua sita.

Maneno yote matamu aliyoyatunga usiku yalimkimbia. Kilichobaki kifuani kilikuwa kile kile cha miaka yote.

"Wewe!" alifoka. "Hilo begi unaliburuza hivyo mpaka lipasuke? Nani atakununulia lingine?"

Binti alisimama ghafla, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi. Akageuka.

"Mama?"

Sista alimfikia, akamkumbatia kwa nguvu, jasho na vumbi na yote. Binti alikuwa ameganda. Alitazama nguzo ya pili. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na unyevu, na mfagiaji alikuwa anaupitishia tambara huku akilalamika kuhusu mabomba.

"Mama, si ulikuwa pale sasa hivi? Umevaa koti?" Alimtazama kuanzia nywele hadi kandambili. "Umebadilisha nguo saa ngapi?"

"Tunaondoka," Sista alisema. "Leo hii. Utanitukana tukiwa ndani ya ndege."

*

Walirudi katika mji wa baridi. Sista hakurudi kwenye jengo lile kufuata hata kijiko. Alihamia kwa bintiye, chumba cha nyuma, na watu walianza kumwona tena: muuza mkate alimsalimia, jirani alimkanyaga akaomba radhi. Kwa muda ilionekana imekwisha. Fundi cherehani alimtumia ujumbe mmoja tu: mama mwenye nyumba kashikwa tena, hainuki kitandani. Baada ya hapo namba yake haikupatikana.

Bintiye alimsikiliza kisa chote, mwanzo hadi mwisho. Hakusema anaamini, hakusema haamini. Lakini wiki ya pili, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Mama. Sema tena yale maneno."

"Yapi?"

"Ya kwenye simu. Kuhusu usiku ule nilipougua na wewe ulikuwa zamu. Sijali aliyeyasema kwanza. Nataka uyaseme wewe."

Sista alifungua mdomo. Hakuyajua. Kitu kile kiliujua usiku ule vizuri kuliko yeye. Yeye alikumbuka zamu nyingi tu, zote zinafanana.

"Nisamehe, mwanangu," alisema hatimaye. "Nilikuwa... kazi ilikuwa nyingi."

Binti alisubiri aendelee. Kisha akaokota kijiko.

"Sawa, mama."

Tangu siku hiyo aliishi naye kwa adabu, kama mtu anavyoishi na mpangaji. Sista alijaribu. Alifua, alipika, alimngoja mlangoni arudipo kazini. Usiku aliyatafuta yale maneno kichwani, akayakosa, akaamka na hasira, akafoka kwa sababu ya vyombo.

Jumapili moja asubuhi alikuwa jikoni anamenya viazi. Chumbani kwa bintiye mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Alisikia kicheko chepesi, kile alichokisikia mara moja tu kwenye simu, siku ya tiketi. Alikausha mikono, akasogea ukumbini kwa ncha za vidole.

Binti alikuwa amelala kitandani, simu sikioni, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka huku anatabasamu.

"Endelea," alikuwa ananong'ona. "Rudia tena pale..."

Akasikiliza. Akacheka tena, taratibu.

"Hapana, hajui. Yuko jikoni." Akaisogeza simu karibu zaidi na sikio. "Ndiyo, mama. Nitakuja."